Mtu wa Kujaribia Programu

"Hapa hatuandiki mtu ambaye hajakufa," mama aliniambia, akatoa mikono kwa kibodi na kuiweka mapajani kama mtu amemaliza kula.

Ilikuwa siku yangu ya nne kwenye stesheni ya redio pale Homa Bay. Nilikuwa nimemwomba aandike jina la uongo, lolote tu, nione kama dirisha langu jipya linafanya kazi. Kitu ya dakika moja. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshaanza kutikisika chini ya meza. Hiyo tabia ilinifanya nihamishwe madawati shule nzima.

"Ni ya kujaribu tu, mama. Haiendi hewani."

"Haya, sema jina."

Nikasema la kwanza lililokuja kichwani.

"Huyo yuko. Anauza nyanya nyuma ya stendi. Saa hii anakula."

Nikasema lingine.

"Huyo ni fundi wa baiskeli. Jumanne alinitengenezea breki."

La tatu nilisema kwa haraka, kama mtu anarusha jiwe.

"Hao wako wengi. Mmoja ni pasta wangu." Akanitazama. "Nyathina, hakuna jina la huku halina mwenyewe. Ukimwandika hapa, umemwandika."

"Basi tuandike mbuzi."

"Hata mbuzi ana mwenyewe."

Huyo si mama yangu mzazi. Pale stesheni kila mtu alimwita mama matangazo, mimi nikafupisha, na yeye akaniita nyathina, mtoto wangu. Zamani alikuwa karani wa kupiga taipu kwa ofisi ya serikali, halafu akaletwa redioni, na kwa miaka kumi na tatu alikuwa amekalia kiti kimoja mbele ya kompyuta moja, akiandika matangazo ya vifo. Watu walitoka Rusinga, Kosele, hata kwetu Rongo, wengine na karatasi iliyong'olewa katikati ya kitabu cha shule, wengine mikono mitupu. Wanakaa kwa kile kiti cha mbao mbele yake, wanasema, yeye anaandika. Kule studio mtangazaji anaona tangazo limefika kwa skrini yake, analisoma vile lilivyo, mara tatu kwa siku.

Kitu kilichonishangaza siku ya kwanza ni kwamba mama haangalii skrini. Anamwangalia mtu. Mtu anasema jina la marehemu, hospitali, siku ya mwili kutoka mochari, siku ya mazishi, na macho ya mama yako kwa uso wake wakati wote huo, vidole vinatembea chini peke yao. Anauliza, "Umekula?" Anauliza, "Nani alikuwa naye mwisho?" Na wakifika kwa orodha ya waliofiwa anasema maneno yale yale kila mara, mpaka nikayazoea kama sauti ya feni: "Anza na mikayi. Nyumba kubwa kwanza, halafu tushuke."

Mikayi ni mke wa kwanza. Kila mtu wa huku anajua hivyo. Mimi pia nilijua, tena sana.

Nilimuuliza siku moja kwa nini hatazami anachoandika.

"Mtu ananiambia mamake amekufa, na mimi natazama kompyuta?" akasema. "Kompyuta imefiwa?"

Shida ni kwamba hiyo kompyuta ilikuwa inakufa yenyewe. Ilikuwa sanduku kubwa la rangi ya uji, jua likipanda inazima bila kuaga. Meneja alikuwa amepata laptop mpya, lakini programu ya matangazo ilikataa kufunguka ndani yake. Jamaa aliyeiandika alikuwa ameenda ng'ambo miaka mingi na namba yake haiingii tena. Na aliiandika kwa toolkit ya zamani. Toolkit ni ule mkoba wa vifaa unaochora kila kitu unachoona kwa skrini: madirisha, vitufe, visanduku vya kuandikia, orodha. Ule wa zamani hakuna anayeutunza siku hizi, na kompyuta mpya hazitaki hata kuusikia. Akili ya programu ilikuwa nzima. Ngozi yake ndiyo ilikuwa imekwisha.

Ndiyo nikaitwa. Nilikuwa nimemaliza form four, nikafanya kozi ya miezi mitatu ya kompyuta hapo Rongo, na mengine yote nilijifunza kwa video za simu nikiwa nimekaa nyuma ya nyumba ambapo network inashika. Meneja anasali kanisa moja na mjomba wangu. Aliniambia nina wiki mbili, na aliniambia mbele ya mama, akiwa amesimama na funguo za pickup mkononi.

"Ukifaulu kuihamisha, meza inabaki, na wewe nakuandika kazi. Ikishindikana, meza nafunga. Watu watume kwa simu. Kuna fomu za bure kwa mtandao."

Alisema meza. Lakini kwenye hiyo meza hakukuwa na mtu mwingine ila mama. Yeye aliendelea kuandika tangazo la bibi mmoja wa Rusinga, hakupoteza hata herufi. Meneja alipotoka akaniambia, "Watatuma. Watu watatuma tu, hawana neno. Lakini simu itawauliza kama wamekula?" Halafu akasema pole pole, "Mimi nikitoka hapa naenda kukaa na kuku. Na kuku sijawahi kuwapenda."

Basi nilikuwa najua nafanyia nani kazi. Lakini nitasema ukweli: nilikuwa najifanyia mimi. Nilitaka kuimaliza kwa wiki moja. Nilitaka meneja aseme huyu msichana ni moto. Tangu form two nimekuwa nikitaka kutoka pahali nilipo, na nikifika penye nilikuwa naenda nataka kutoka hapo pia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha kwa njia ambayo siwezi kumwelezea mtu. Ni kama kuhama nyumba. Sufuria ni zile zile, watu ni wale wale, lakini kila msumari unaupiga upya kwa ukuta mwingine, na ukuta mpya una mawe mahali usipotarajia. Kitufe kilichokuwa kinachorwa kwa mstari mmoja sasa kinataka mistari mitano. Rangi zimebadilishwa majina. Nilifungua ile faili ya zamani kwa upande mmoja, yangu kwa upande mwingine, nikawa natafsiri dirisha baada ya dirisha huku nikimtukana yule jamaa wa ng'ambo kimoyomoyo, kwa sababu hakuwa ameacha maelezo yoyote. Mahali pamoja tu, juu ya orodha ya waliofiwa, alikuwa ameandika maneno mawili ya Kijaluo: *kik imul*. Usiguse.

Usiguse nini? Hakusema. Nikacheka. Nikasema huyu alikuwa mvivu, aliogopa kazi yake mwenyewe. Nikafuta.

Toolkit mpya ilikuwa na orodha nzuri sana. Ya zamani ilikuwa inapokea jina linakaa chini ya lingine, basi. Hii mpya, ukiongeza mstari mmoja tu wa maagizo, inajipanga yenyewe, A mpaka Z, kila jina likiingia linatafuta nafasi yake. Niliuweka huo mstari. Nilijiambia mtangazaji atapata kazi safi.

Sasa nirudi pale mama alipokataa kuandika mtu wa uongo. Nilikaa siku nzima nimekasirika. Nilijaribu mwenyewe kwa kupiga herufi ovyo ovyo, aaaa na kkkk, hizo hazina mwenyewe, lakini hiyo si kujaribu. Mwenye kutumia programu ni yeye, na vidole vyenye vitaniambia kama nimeharibu ni vyake. Siku mbili zilipita hivyo. Tulibakiza wiki moja.

"Unataka kujaribu?" akaniambia Jumatatu, watu wakiwa wamepungua. "Lete mtu wako."

"Mtu wangu gani?"

"Mtu wako aliyekufa. Si uko naye?"

Niko naye. Baba yangu alikufa nikiwa form two. Sikuwa nimemtaja pale stesheni, sijui kwa nini mama aliuliza kama mtu anayejua. Nikasema sawa. Akanionyesha kiti cha mbao.

"Kaa hapo. Hukai huku kwangu, unakaa kama watu."

Nikakaa. Laptop mpya ilikuwa mbele yake, mgongo wa skrini kwangu. Akaniangalia. Naomba niseme kwamba sikuwa nimewahi kuangaliwa hivyo nikisema hilo jina. Mguu ulikuwa unaenda kama cherehani.

"Jina la marehemu."

Nikasema. Akaandika, akabonyeza Enter ili aende kwa kisanduku kinachofuata, vile alivyofanya miaka kumi na tatu.

Laptop ikalia *ting*. Mama kwa mara ya kwanza akaangalia chini.

"Imesema imetuma."

Nikaruka nikazunguka meza. Toolkit mpya, ukibonyeza Enter, haisongi mbele. Inachukulia umemaliza, inabonyeza kitufe cha kutuma. Tangazo la baba yangu lilikuwa limeenda likiwa na jina lake tu. Hakuna nyumbani kwao, hakuna mke, hakuna mtoto, hakuna siku. Nikalifuta mbio kabla mtangazaji hajaliona.

"Umemtangaza babako kama mtu hana watu," mama akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema vile mtu anakuambia shati yako imefunguka kifungo.

Hiyo ilinikaa. Nilirekebisha Enter siku hiyo hiyo, nikatoa pia kalenda niliyokuwa nimeweka ya kuchagua tarehe kwa mausi, kwa sababu sasa nilielewa kwamba chochote kinachomfanya atazame chini ni kosa. Nilihesabu visanduku vya zamani, ni kipi kinafuata kipi, nikavipanga hivyo hivyo mpaka vidole vyake visijue vimehama.

Jumatano tukajaribu tena. Kiti cha mbao, macho yake, jina la baba. Sasa ilienda. Enter, Enter, Enter, kama zamani.

"Umekula?" akaniuliza.

"Mama, si ni kujaribu tu."

"Nimeuliza umekula."

"Bado."

"Basi tukimaliza. Haya, waliofiwa. Anza na mikayi, nyumba kubwa kwanza, halafu tushuke."

Hapa lazima nieleze nyumba yetu. Mamangu ni mke wa pili, nyachira, na tena ni Mkuria kutoka upande wa Isebania, kwa hivyo kwetu Kiswahili ndicho kilitupatanisha na sisi hatukuwahi kuwa watu wa mbele. Baba alipokufa, kijana mkubwa wa mikayi ndiye alikuja hapa kutoa tangazo. Sisi tulikuwa tumekaa kwa nyumba ya mamangu, redio kwa meza, tukasikiliza. Alisomwa mikayi, wakasomwa watoto wake sita, ndiyo akasomwa mamangu. Watu saba mbele yetu. Nilihesabu kwa vidole. Hakukuwa na ubaya wowote, ndivyo inavyosomwa, mamangu mwenyewe hakushtuka. Lakini mimi nilienda nikapunguza sauti, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa na hiyo namba ndani yangu kama changarawe kwa kiatu.

Nikamwambia mama majina kwa mpangilio wake: mikayi, wale sita, mamangu, mimi na ndugu yangu mdogo. Yeye aliandika akinitazama. Alipomaliza nikazunguka kuangalia.

Jina la mikayi wetu linaanza na R. La ubatizo la mamangu linaanza na A. Orodha ilikuwa imejipanga yenyewe. Mamangu alikuwa wa kwanza kabisa, juu ya kila mtu. Wa pili alikuwa mimi. Mikayi alikuwa huko chini karibu na mwisho.

Nilisimama pale. Nilijua kabisa ninachoona. Siwezi kusema sikujua.

"Iko sawa?" mama akauliza. Alikuwa ameshageuka kutafuta kikombe chake.

"Iko sawa," nikasema.

Jumatatu iliyofuata ile kompyuta ya rangi ya uji ilitolewa kwa meza ikawekwa sakafuni, uso kwa ukuta kama mtoto ameadhibiwa. Mama aliandika matangazo manne kabla ya saa sita na hakutazama chini hata mara moja. Meneja alikuja akasimama nyuma yake, akasema, "Kumbe inawezekana." Aliniambia barua yangu ya kazi itakuwa tayari Ijumaa.

Siku tatu zilienda vizuri, ama nilitaka ziwe zimeenda vizuri. Matangazo mengi yalikuwa ya watu wa nyumba moja, mke mmoja. Jumanne mtu alipiga simu kuuliza kwa nini kitinda mimba amesomwa mbele ya ndugu zake, mtangazaji akamjibu ni haraka ya hewani. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nilivuta daftari nikajifanya naandika.

Jumatano alikuja kijana wa nyumba kubwa kutoka Kosele kutangaza babake, mzee wa nyumba mbili. Mama alimwambia aanze na mikayi, na kijana akaanza na mikayi. Alhamisi asubuhi tangazo likasomwa. Tulilisikia kutoka kwa spika ya mapokezi. Mtangazaji ana sauti nzito, anasoma kila jina kama analiweka mezani. Akasoma mke wa pili. Akasoma watoto wa mke wa pili wamechanganywa na wa kwanza. Mwisho kabisa, karibu aingie kwa siku ya mazishi, akamsoma mikayi.

Mikono ya mama ilisimama juu ya kibodi. Kulikuwa na mwanamke kwa kiti cha mbao na mama akamwambia, "Samahani, ngoja kidogo," halafu akafungua lile tangazo la Kosele na akalitazama kwa skrini, polepole, jina kwa jina.

"Sikuandika hivi."

Nikainuka, nikaja nyuma ya kiti chake.

"Nyathina. Hii kitu inajipanga yenyewe?"

"A mpaka Z," nikasema.

Hakuniuliza tena. Simu ya meneja ilikuwa imeshalia.

Nyumba kubwa ya Kosele ilikuwa imesema mwili hautatoka mochari Ijumaa mpaka stesheni iende iseme ni nani amempindulia mzee boma lake. Watoto wa mikayi walidhani nyumba ndogo imetuma mtu kuja kubadilisha. Nyumba ndogo ilikuwa inaapa haijatuma mtu. Hema lilikuwa limeshapigwa, na watu wa baba mmoja walikuwa wamekaa pande mbili za uwanja.

Meneja alitoka ofisini na funguo mkononi. "Kama ni programu, meza nafunga leo. Kama ni mama amechoka, pia nafunga leo. Nyote ingieni gari."

Kwa pickup tulikaa mbele watatu, mama katikati. Tulipita mji wote. Barabara ilipotulia, mama aliniambia kwa sauti ya chini, macho mbele, "Nitasema ni mimi. Nilichanganya karatasi. Wewe utanyamaza."

"Atakufukuza."

"Anifukuze. Nitapenda kuku polepole." Kisha akasema, "Wewe uko na barua Ijumaa."

Meneja aliwasha redio. Nadhani alisikia, ama hakusikia. Mimi nilikuwa na mguu unaotikisika na hakuna nafasi ya kuutikisia, goti langu lilikuwa linagonga la mama, na yeye akaliwekea mkono, si kulituliza, kulishika tu, kama unavyoshika kikapu garini.

Kosele tulikaribishwa vizuri, na hiyo ni mbaya zaidi kuliko kufokewa. Tulipewa viti. Tulipewa maji ya kunawa. Kijana mkubwa wa nyumba ya kwanza, mwanaume wa kama miaka hamsini, alisema asante kwa kuja, akasema mama yao mwenyewe ndiye atauliza. Mikayi alikuwa ndani ya nyumba yake, amekaa sakafuni kwa mkeka, miguu imenyooshwa. Alikuwa mdogo sana kwa umbo. Aliongea Kijaluo, na mimi naandika hapa vile nakumbuka.

"Ni nani kati yenu anayejua nyumba yangu kuliko mimi?"

Mama akasogea mbele kidogo. "Mama, mimi ndiye naandika. Nilikosea. Nilichanganya—"

"Hakukosea," nikasema.

Mama alinivuta nguo kwa nyuma. Niliendelea, na Kijaluo changu ni kibovu, kina Kikuria ndani na Kiswahili, lakini kilitoka chote. "Yeye aliandika vile kijana wako alisema. Mimi ndiye niliiambia kompyuta ipange majina. Na si kwamba sikujua. Tulijaribu kwa jina la babangu, wiki iliyopita, na niliona. Niliona mikayi wetu ameshuka chini na mamangu amepanda juu. Niliulizwa kama iko sawa nikasema iko sawa."

Meneja alikuwa amesimama mlangoni, kivuli chake kilifika mpaka kwa mkeka.

Mikayi alinitazama. "Wewe ni wa nyumba gani?"

"Ya pili."

"Eeh." Akageuka kwa mwanawe. "Umesikia? Si wale wa nyumba ndogo yetu. Huyu ameleta mambo ya kwao." Akarudi kwangu. "Na ulipomwona mamako hapo juu, ulifurahi?"

Ningeweza kusema hapana. "Nilifurahi."

"Yeye mamako alifurahi?"

"Hajui. Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Nilifikiria mamangu, vile hakushtuka siku ile ya redio, vile alikuwa amekaa tu na mikono mapajani akisikiliza kila jina mpaka lake, na baada ya lake akaitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu ameitwa darasani. "Angeniambia nitoe," nikasema.

"Mwerevu kuliko wewe," mikayi akasema, na mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, na nilihisi nyumba imepumua. "Basi kaa chini. Leta karatasi. Utaandika wewe, na mimi nitasema. Na uniangalie mimi. Nimesikia huyu mama wenu anawaangalia watu. Karatasi haijafiwa."

Nilikaa sakafuni. Mama alitoa daftari kwa mkoba wake na kalamu, akanipa bila kusema. Mikayi alianza na jina la mzee, na nilimwangalia usoni, na nikaandika bila kuona mkono wangu. Herufi zilipanda zikashuka nje ya mstari. Alijitaja mwenyewe. Akataja watoto wake. Alipofika kwa mke mwenzake alisimama kidogo, akamtaja kwa jina lake lote, la ubatizo na la nyumbani, na la babake, akasema hilo jina la babake pia lisomwe, kwa sababu asubuhi walimsoma kwanza lakini walimsoma nusu. Halafu akaita huyo mwenzake kutoka nje, akamuuliza kama watoto wake wako wote. Yule mama wa pili alisimama mlangoni akasema wako wote.

Mguu wangu ulikuwa umekunjwa chini yangu. Sikumbuki kama ulitikisika.

Tulipotoka, mwanawe alimwambia meneja tangazo lisomwe saa zile zile, siku mbili, na mwili utatoka kama ilivyopangwa. Meneja alisema litasomwa. Kwa gari, karibu tufike, akasema bila kutuangalia, "Meza ibaki." Baadaye kidogo: "Barua yako ya kazi, hiyo ngoja kwanza."

"Ngoja mpaka lini?" nikauliza. Sijui kungoja, hilo ni jambo ambalo hata siku hiyo haikunifundisha.

"Mpaka nitakapoacha kukasirika."

Tulipofika stesheni, mama alirudi kwa kiti chake. Yule mwanamke wa asubuhi alikuwa bado anangoja, na mama akamuuliza kama amekula, na hakuwa amekula, na akatumwa mtu alete chai na mandazi. Mimi nilisubiri wamalize ndiyo nikafungua programu. Mstari wa kupanga ulikuwa mmoja tu. Nikautoa. Mahali pale pale nikaandika maneno mawili ya yule jamaa wa ng'ambo, *kik imul*, na chini yake nikaongeza kile ambacho yeye hakuandika: majina yabaki vile yalivyosemwa.

Nikamfungua baba. Tangazo lake la kujaribu lilikuwa bado limo, mama alikuwa amelihifadhi pembeni. Orodha ilikuwa imerudi vile nilivyoitoa kinywani. Mikayi. Wale sita. Mamangu wa nane, mimi wa tisa, ndugu yangu wa mwisho. Nikaweka kidole kwa kitufe cha kufuta.

"Usimfute," mama akasema. Alikuwa ananiangalia, si skrini. "Muache akae hapo. Kesho si utakuja kuangalia ile ya kuchapisha?"

Sehemu ya kuchapisha ilikuwa haijahamishwa. Nilikuwa nimeisahau, ama nilikuwa nimeiacha kwa sababu nilifikiri Ijumaa nitakuwa mtu mwingine. Mistari kama mia tatu, yote ya toolkit ya zamani.

"Barua sina, mama."

"Nimekuuliza barua?"

Nikatoa kidole. Nikachukua mandazi moja kwa sahani ya yule mwanamke, akanisukumia na chai.